Mugo ni msaliti, ila kukiri kwake tunakuchukulia poa sana

Sisi watu wachache hapa Moshi tunaosoma riwaya tunakutana Majengo kwenye kahawa, na safari hii tumesoma A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ile ya 1967. Walio wengi washafunga kesi. Mugo alimuuza Kihika, mpiganaji wa Mau Mau waliopigania uhuru wa Kenya, kwa wazungu, Kihika akanyongwa, halafu jamaa akakaa kimya huku kijiji kizima cha Thabai kinamfanya shujaa na kumtungia nyimbo, kwahiyo hata alivyosimama siku ya uhuru akasema ni mimi, too late, haimsaidii kitu.

Hoja yao ina uzito na sitaki kuipita juu juu. Aliyekufa hafufuki. Mumbi alipoteza kaka yake na bado akaenda mwenyewe kumbembeleza Mugo aje kuhutubia sherehe, yaani dada wa marehemu anamwomba aliyemuuza ndugu yake aje amsifie ndugu yake. Hiyo inauma. Na kukaa kimya wakati watu wanakusifia kwa uongo, hata kama uongo hukuuanzisha wewe, bado ni kudanganya, hapo nakubaliana nao kabisa.

Ila kuna mambo wanayaruka. Mugo hakuwahi kula kiapo cha Mau Mau. Alikuwa mtu wa jembe na shamba lake, yatima aliyelelewa na shangazi mlevi mwenye mdomo, anataka aachwe tu. Kihika ndio alimvamia kibandani usiku ule ule aliotoka kumpiga risasi Robson, yule DO, ofisa wa wilaya wa kizungu, akamkabidhi kazi ya kupanga watu kijijini bila hata kumuuliza kama anaiweza. Akikubali anakufa, akikataa anakufa, ndivyo alivyoona yeye. Sisemi alifanya sawa kwenda kwa DO mpya, alikosea vibaya, ila yule hakuvunja ahadi, maana ahadi hakuitoa.

Aliyevunja ni Gikonyo. Yeye kiapo alikula, akawekwa kizuizini miaka sita, akakiri kiapo mbele ya wazungu ili arudi kwa mkewe. Akafika nyumbani akamkuta Mumbi ana mtoto wa Karanja, akamnunia, hataki hata kumsikiliza, yeye ambaye moyoni ana siri yake ya kuwaacha wenzake kambini. Na kwenye kundi letu Gikonyo anaonewa huruma na kila mtu! Najua jibu lao, kukiri kwa Gikonyo hakukuua mtu na usaliti wa Mugo uliua, na ni tofauti kubwa kweli. Basi tuseme tunahukumu kwa matokeo, tusijifanye tunahukumu uongo na ahadi, maana kwa ahadi hata yule mbunge anamzidi Mugo, aliyemwahidi Gikonyo na wenzake kuwasaidia mkopo wa kununua shamba la mzungu Burton kisha akalinunua yeye. Huyo hakuna aliyemwita mbele ya watu.

Sasa nije kwenye kitu kinachoninyima usingizi kwenye kitabu hiki. Karanja. Wapiganaji waliotoka msituni waliamini Karanja ndiye aliyemuuza Kihika, na ilikuwa rahisi kuamini maana alikuwa homugadi, mlinzi wa kijiji aliyewatumikia wazungu, alijifunika gunia usoni na kuwanyooshea watu kidole wakamatwe, alikuwa chifu wa wazungu, mikono yake ilikuwa na damu ya watu tayari. Jenerali R., mmoja wa wapiganaji hao, na wenzake wakapanga siku ya sherehe, Desemba 12, 1963, msaliti atajwe hadharani mbele ya umati. Na Karanja yupo pale pale uwanjani. Jenerali anaita, aliyemuuza Kihika ajitokeze. Hebu fikiria Mugo angebaki kibandani kwake, wala asingehitaji kusema uongo wowote, kazi yake ilikuwa ni kunyamaza tu kama alivyozoea, na mtu mwingine kabisa angebeba kosa lake na pengine kuuawa kwa ajili yake. Kesho yake Mugo anaamka shujaa, nyimbo zinaendelea, siri inazikwa na Karanja. Mumbi alishaambiwa na Mugo mwenyewe na hakwenda kumsema, hakutaka damu nyingine imwagike kwa ajili ya kaka yake. Kwahiyo hakuna aliyemkamata. Hakuna ushahidi uliomfikia. Alitembea mwenyewe mpaka mbele ya watu.

Mzee mmoja wa Kibosho tunayekaa naye alisema jambo nikalipenda, kwamba kwetu Wachagga mtu akija na sale, lile jani la kuombea msamaha, wazee wanaangalia kwanza amekuja lini, kabla hajashikwa au baada ya kushikwa. Kosa linabaki kosa na fidia inabaki fidia, ila wawili hao hawasikilizwi kwa sikio moja. Mugo alikuja kabla.

Na haya sio ya mbali na huku kwetu jamani. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, hata huku kaskazini mwa Tanganyika Wakikuyu waliokuwa wanaishi na kufanya kazi walikamatwa na wengi wakarudishwa kwao. Nani alimtaja nani, nani alinyamaza, hayo maswali yana kwao na huku pia.

Mwalimu mmoja kwenye kundi ananiambia Mugo alikiri ili apumue tu, sio kwa upendo wa Karanja. Inawezekana, kitabu chenyewe kinaonesha alivyokuwa amechoka kubeba ule mzigo. Lakini Karanja kuwa hai haitegemei Mugo alikuwa anawaza nini. Na angalieni waliomhukumu kufa baada ya kukiri walivyobaki. Wazee wa kijiji Warui na Wambui wanakaa baadaye wamenyong'onyea, Wambui yule yule aliyekuwa kwenye baraza la kumhukumu anaanza kujiuliza kama ilikuwa sawa kumhukumu. Mwalimu hilo hajanijibu mpaka sasa, anarudi tu kwenye kamba ya Kihika. Mi sibishani naye kuhusu ile kamba. Ninachobishania ni kwamba kijiji kizima kilikuwa na watu wenye siri, Gikonyo na yake, Karanja na zake, mbunge na yake, na aliyesema ya kwake mbele ya watu wote bila kushikwa na mtu ni mmoja tu, na ndiye tuliyemuua.