Lori lililolala Salgaa lina haraka gani?

Pita Salgaa saa nne usiku. Malori yamejipanga ubavu kwa ubavu pande zote mbili za barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, mapazia ya kebini yameshushwa, na tanboi mmoja au wawili wanazunguka na tochi wasije wakafyonzewa diseli. Wengi hawatang'oa nanga hadi alfajiri. Picha hiyo ndiyo hunijia kila ninaposikia kwamba ukanda huu wa Mombasa hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, unahitaji chaja za megawati, yaani zenye nguvu ya kilowati elfu moja na zaidi, kwa ajili ya malori ya umeme.

Chaja hizo si hadithi. Mfumo wenyewe ulizinduliwa Oslo mwaka 2022, na umebuniwa kufikia kilowati 3,750 kwa plagi moja. Unajibu shida ya Ulaya: sheria ya huko humlazimu dereva apumzike dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu za kuendesha, basi betri ijazwe ndani ya dakika hizo hizo.

Wanaotaka tuharakishe wana hesabu nzito. Mwaka 2025 diseli iliuzwa karibu shilingi 170 kwa lita. Lori lililosheheni likienda kilomita mbili kwa lita, hizo ni shilingi 85 kila kilomita. La umeme hula takriban uniti moja na nusu (uniti ni kilowati moja kwa saa moja) kwa kilomita. Kwa bei maalumu ya magari ya umeme iliyoanza 2023 ikiwa shilingi 16 kwa uniti na 8 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, unapata shilingi 24 au 12, kabla ya kodi na tozo. Hata ukiongeza gharama ya kituo, pengo linabaki.

Kuna na mteremko. Kutoka Mau Summit kushuka Sachangwan, ambako malori yamepoteza breki miaka nenda miaka rudi, mota ya umeme hugeuka jenereta: inalishika gari huku ikirudisha chaji kwenye betri. Binafsi naiona hii kuwa hoja bora kuliko ya moshi. Ila ina sharti lake: betri iliyojaa haipokei kitu. Ukijenga kituo juu kileleni na kulijaza lori pomoni kabla halijashuka, umeitupa faida hiyo. Mahali pake ni chini, kwa wanaojiandaa kupanda.

Sasa upande wa pili. Rais Ruto mwenyewe ameshakiri hadharani kwamba jioni, hadi kama saa nne usiku, baadhi ya maeneo hukatiwa stima kwa zamu, na watu wa magharibi mwa Kenya hawahitaji kuambiwa. Kilele cha matumizi ya nchi nzima mwaka 2025 kilizidi megawati 2,300. Plagi tano za aina hiyo zikifanya kazi kwa nguvu zote ni karibu megawati 19 mahali pamoja. Mteja mkubwa hulipia pia kiwango cha juu alichovuta katika mwezi, hata kama alikivuta kwa muda mfupi tu. Kituo chenye plagi kubwa na wateja haba kitalipia nguvu ambayo hakiiuzi.

Hapo ndipo ninaporudi kwa yule dereva aliyelala. Lori linalohitaji uniti 400 na lina saa saba za kusimama linatosheka na kilowati 60. Nguvu ya plagi moja ya megawati, ikiwa kwenye kilele chake, inalisha malori 62 yaliyolala. Na usiku ndio wakati ambao mvuke wa ardhini unaozalisha stima Olkaria, humu humu kaunti ya Nakuru, huachiliwa hewani kwa kukosa wanunuzi wa stima.

Lakini usiku hautatui yote. Mwenye lori hulipwa kwa safari, na kutoka bohari ya makontena ya Naivasha hadi Malaba ni takriban kilomita 400. Betri ya uniti 600, kama ya eActros 600 ya Mercedes, itafika ikiwa hoi. Betri hiyo pia ina tani kadhaa, na mizani ya Gilgil haiulizi kama uzito ni wa shehena au wa betri. Kwa hiyo plagi moja au mbili za kasi zina nafasi yake, Naivasha kwanza, karibu na chanzo cha umeme.

Kikwazo cha karibu zaidi ni karatasi. Ile bei nafuu iliwekewa kikomo cha uniti 15,000 kwa mwezi. Malori 37 yakichukua uniti 400 kila moja, mwezi umekwisha. Salgaa ingeumaliza kwa usiku mmoja. Kikomo hicho kilifikiria bodaboda.

Wakati huo huo, upanuzi wa barabara ya Rironi–Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025. Mabomba matupu ya kupitishia nyaya za chaja hufukiwa kwa bei rahisi wakati udongo bado uko wazi. Lami ikishamwagwa, itabidi ichimbuliwe upya, na bili itamfuata yule yule atakayetozwa ada ya kupita.