Nasibu kwa Amri ya Profesa

Profesa wangu anaipenda sana nasibu, mradi tu ifanye anavyotaka yeye.

Aliniagiza nimwandikie programu ya jaribio la Stroop, lile ambalo John Ridley Stroop alilichapisha mwaka 1935 na hadi leo linawatesa wanafunzi wa saikolojia. Neno KIJANI linatokea kwenye skrini likiwa na rangi nyekundu. Huulizwi neno, unaulizwa rangi. Ubongo umeshasoma kabla hujaukataza, kidole kinasitasita, na kule kusitasita ndiko tunakokupima kwa milisekunde. Nikabandika vibandiko vinne kwenye kibodi: nyekundu, buluu, kijani, njano. Maneno 96, kila rangi mara 24, na kompyuta iyachanganye upya kila anapokaa mtu mpya. Kazi yote ipo hapo kwenye kuchanganya. Mpangilio ukiwa uleule kwa watu wote, hujui aliyechelewa mwishoni amechelewa kwa ugumu wa neno au kwa kuchoka.

Profesa akasema wa kwanza atakuwa yeye. Akavaa miwani, akakaa. Mambo yakaenda vizuri mpaka ikaja buluu. Kisha buluu. Kisha buluu tena. Ile ya nne aliibonyeza kwa kidole gumba, kwa hasira, na alipoinua mkono kibandiko kikaondoka naye.

"Kijana, mashine yako imekwama."

"Haijakwama, Profesa. Ndiyo nasibu yenyewe hiyo."

"Nasibu gani ya buluu nne?"

Nikamweleza kwamba kwenye orodha ndefu namna ile, rangi moja kufuatana mara nne ni jambo la kawaida kabisa. Akanisikiliza kwa upole. Na huyu, jamani, anafundisha takwimu.

"Sitaki rangi ijirudie hata mara mbili mfululizo," akasema, huku akihangaika kubandua buluu kidoleni. "Nataka nasibu inayoonekana kuwa ni nasibu."

Amri ni amri. Ilikuwa mistari michache tu: changanya orodha, ukikuta rangi moja imefuatana, changanya tena, mpaka isifuatane. Nikaijaribu mbele yake kwa orodha fupi ya maneno 8. Ikajibu papo hapo. Akanipigapiga begani.

Kesho yake akaja mshiriki wa kweli, dada mmoja mpole, amependeza kana kwamba anakwenda kwenye usaili. Nikamsomea maelekezo, nikafunga mlango, nikakaa nje, maana mshiriki hasumbuliwi. Skrini ikamwandikia: "Subiri kidogo."

Sasa, maneno 8 hupata mpangilio unaofaa kama mara moja katika kila kuchanganya mara tatu. Maneno 96 ni habari nyingine: uwezekano wake ni mdogo kuliko moja kwa bilioni. Kompyuta ilikuwa inachanganya, inakagua, inakuta kijani imefuatana, inachanganya tena, bila manung'uniko. Ingekesha.

Dada naye hakunung'unika. Nilipoona kimya kimezidi nikachungulia. Mgongo wima, vidole vinne juu ya vibandiko vinne, feni ya kompyuta inavuma, na usoni lile tabasamu dogo la mtu anayejua kuwa anatazamwa. Nikaingia kumwomba radhi.

"Usiniambie," akaninong'oneza bila kugeuka. "Nimeshaelewa. Mnapima subira."

Wenye fani hii wanaujua ugonjwa huu. Mwaka 1962 mwanasaikolojia Martin Orne alieleza jinsi watu walivyopewa marundo ya karatasi za kujumlisha, kazi isiyo na kichwa wala miguu, ili aone watakataa lini. Walijumlisha kwa saa nyingi, mpaka aliyesalimu amri ni mtafiti. Hata walipoambiwa wachane kila karatasi wakishaimaliza, walichana, wakachukua nyingine. Mtu akishasikia neno "jaribio", kila upuuzi unakuwa na siri ndani yake.

Nikamweleza dada ukweli wote. Hakuniamini. Akauliza amepata alama ngapi.

Usiku ule niliandika upya sehemu ya kuchanganya, ikawa inapanga neno mojamoja badala ya kutegemea miujiza. Profesa naye alilegeza kamba, akaruhusu rangi moja ifuatane hadi mara tatu, baada ya kumwonyesha kwamba mtu akijua rangi haijirudii, amekwisha kuondoa jibu moja kati ya manne kabla neno halijatokea.

Programu ikatulia. Waliochafuka ni washiriki, kwa sababu yule dada alikuwa ameshawasimulia wenzake. Walimaliza maneno yote 96, skrini ikaandika "Asante, umemaliza", na hakuna aliyenyanyuka. Kijana mmoja nilimkuta amekodolea macho hilo "Asante", hata kupepesa hapepesi.

"Ndugu yangu, umemaliza. Nenda nyumbani."

"Najua, najua," akasema, akanikonyeza. "Hapa ndipo linapoanza."

Nikamwita Profesa aje amwambie kwa kinywa chake. Akasimama mlangoni, akamtazama yule kijana juu mpaka chini, kisha akatoa kalamu mfukoni.

"Ameanza kukaa hivi tangu saa ngapi?"