Chupa moja kwa vipara vyote

Julai iliyopita nilikuwa kwenye basi la Mbeya kwenda Iringa. Makambako akapanda kijana mwenye begi la mgongoni, akasubiri gari litoke stendi, kisha akatusalimia kwa sauti ya mhubiri. Alikuwa na chupa ndogo za mafuta ya kijani. Kwa maelezo yake zinatibu mba, mapunye, nywele kukatika, nywele za mama aliyejifungua, kipara cha urithi na kipara cha mawazo. Shilingi 5,000 chupa moja, 8,000 ukichukua mbili.

Kiti cha mbele yangu alikaa mzee mwenye koti zito na kichwa kinachong'aa. Kijana akamwendea moja kwa moja. "Shikamoo mzee. Samahani, hiki kipara kina miaka mingapi?"

"Marahaba. Hiki mwanangu nimekinunua kwa ada za watoto watano, sikirudishi dukani."

Basi zima likacheka. Kisha mzee akatoa noti na kuchukua chupa. "Ya mama yenu," akasema polepole. "Siku hizi hata mimi hanivulii kitambaa."

Hapo hakuna aliyecheka.

Yule kijana sina ugomvi naye, anatafuta riziki. Ugomvi wangu ni na swali tunalouliza wote, la "dawa ya kipara ni ipi?" Kipara kipi? Chupa ile ilikuwa na mafuta ya aina moja, na alichokitaja ni maradhi yasiyo na undugu wowote isipokuwa kwamba yote yanakaa kichwani.

Si jambo geni. Katika papiro ya Ebers, maandishi ya tiba ya Wamisri ya mnamo 1550 KK, kuna dawa ya kuotesha nywele iliyochanganywa mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi wa milimani. Huku kwetu ingewezekana kabisa: viboko na mamba wa Usangu, simba wa Ruaha, tungepungukiwa mbuzi tu. Julius Caesar, mtawala wa Roma ya kale, anasema Suetonius aliyeandika maisha yake, alichana nywele za utosini kuzileta mbele, na katika heshima zote alizopewa hakufurahia nyingine kama ruhusa ya kuvaa taji la majani wakati wote. Sisi tuna mzula. Mbeya mwezi wa sita hujui nani ana kipara na nani hana.

Mtu wa kwanza kuuliza swali lenye maana alikuwa katika shule ya tabibu Hippocrates, Ugiriki, miaka zaidi ya 2,300 iliyopita. Iliandikwa pale kwamba matowashi hawaoti kipara. Hakuna mafuta hapo wala chupa, ni mtu ametazama tu nani kinampata na nani kinamkwepa. Ajabu ni kwamba uzi huo haukuvutwa mpaka 1942, Mmarekani James Hamilton alipochapisha uchunguzi wake: wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara, lakini walipopewa homoni ya kiume, wale wenye ukoo wa vipara walianza kupukutika. Kwa hiyo kipara cha aina hiyo kinahitaji vitu viwili, homoni na urithi. Mawazo hayamo, wala ada za watoto watano.

Halafu, mwaka 1974, Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika kuhusu kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika ambako baadhi ya watoto walizaliwa wakionekana wasichana, wakabadilika kuwa wavulana walipobalehe. Miili yao ilikosa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, ile homoni ya kiume, kuwa homoni kali zaidi, DHT. Walipokuwa watu wazima tezi dume zao zilibaki ndogo, na hawakuota kipara. Kampuni ya Merck ikatengeneza dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho, finasteride, ambayo Marekani iliiruhusu kwa uvimbe wa tezi dume mwaka 1992 na kwa kipara cha wanaume mwaka 1997. Minoxidil nayo ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu cha kampuni ya Upjohn. Wagonjwa wakaanza kuota nywele hadi mashavuni, ndipo ikageuzwa kuwa dawa ya kupaka, ikaruhusiwa mwaka 1988. Ukiiacha, nywele ilizokuotesha zinaondoka nayo.

Dawa mbili hizo zinafanya kazi, na zote zinalenga kipara cha kurithi. Minoxidil wanawake wanaitumia pia. Finasteride ni jambo jingine: mjamzito hatakiwi hata kushika kidonge chake kilichovunjika, maana inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Naandika hili kwa sababu nimeona vidonge vya baba vikichanganywa kwenye mafuta ya mama.

Mdogo wangu alipokuwa darasa la pili aliota mapunye. Alipakwa kitunguu saumu, akapakwa mafuta ya taa, akalia, akapakwa tena. Mapunye ni fangasi, na fangasi huyo anaingia ndani ya unywele wenyewe, chini ya ngozi, mafuta hayamfikii. Zahanati alipewa vidonge vya griseofulvini, akavimeza kwa wiki kadhaa, basi. Na tulibadilisha kinyozi, kwa sababu mashine yake ilikuwa inatoka kichwa hadi kichwa bila kusafishwa.

Kuna kipara kingine kinakuja kama duara, laini kabisa, usiku mmoja tu unaamka nacho. Huku watakuambia umenyolewa na wachawi. Ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi ya nywele. Mara nyingi duara dogo hujaa lenyewe, na hapo ndipo kila mganga aliyepita anapata sifa.

Nimesema mzee alitania kipara chake na basi likacheka. Utani kwamba kipara ni dalili ya pesa una mipaka yake pia. Mwaka 2017 polisi wa Msumbiji waliwatahadharisha wanaume wenye vipara baada ya watu kuuawa huko Zambezia, kwa imani kwamba vichwa vyao vina dhahabu. Mjomba wangu alikuwa anavuka mpaka wa Kasumulu kupeleka mchele Malawi. Msumbiji hakuwa na safari nayo, ila msimu ule kofia haikumtoka.

Sasa mimi. Nina miaka 34 na nywele za mbele, juu ya masikio, zimenikimbia. Nilisukwa tangu nikiwa mdogo, mabutu kwanza, halafu twende kilioni, kisha rasta ndogondogo zinazochukua siku nzima. Nikianza kazi nikaongeza kuweka dawa ya kulainisha nywele, na nikisuka wiki ile ile. Nikitoka saluni kipaji cha uso kimevutika mpaka nyusi zinapanda, vipele vidogo vimepangana pembeni, nameza Panadol mbili ndipo nilale. Nilidhani ndiyo bei ya kupendeza. Tulikuwa tunasifu: huyu anajua kukaza.

Kipara changu hakitoki kwa baba wala kwa DHT. Kinatoka kwenye vidole vya msusi na mdomo wangu mwenyewe uliokuwa unasema kaza. Na kabla hujasema ni tabu ya nywele zetu za kipilipili, kiliandikwa mara ya kwanza mwaka 1907 kuhusu wanawake wa Greenland, kwenye barafu, waliokuwa wanafunga nywele juu kwa nguvu. Ukiwahi kuacha kuvuta, nywele zinarudi. Ukichelewa, mzizi unakuwa kovu, na kovu halioti kitu, hata ulimwagie parachichi zote za Rungwe.

Mke wa yule mzee simjui. Labda kipara chake ni cha urithi, labda ni kovu, labda ni ugonjwa unaotaka vipimo vya damu. Ninachojua ni kwamba amefunga kitambaa, na anayefunga kitambaa haulizwi. Kipara cha mwanamume kinazungumzwa na basi zima, na kwa sababu kinazungumzwa kimepata hata maabara. Cha mwanamke kinapelekewa chupa mfukoni mwa koti.

Mwezi uliopita nilirudi kwa msusi wangu. Nikamwambia anisuke kubwa, na za pembeni aziache kabisa.

"Dada, tukilegeza hazikai. Zikifumuka usinilaumu."

"Sikulaumu."

"Na bei ni ile ile."

Nikalipa ile ile. Usiku nililala bila Panadol. Zilifumuka siku ya kumi na moja.