Injini kubwa ya mvuke kwenye plaiwudi ya nne kwa nane: ubishi wa kona

Kuna maneno yanarudiwa sana na watu wa treni za modeli, kwamba kama kona zako hazifiki nusu kipenyo cha inchi 30 basi injini kubwa ya mvuke isahau, nunua kale kadogo ka magurudumu sita utulie. Upande wa pili wapo wanaosema hayo ni maringo tu, kampuni imeandika kwenye boksi kwamba injini inapita kona ya inchi 18, nimeinunua kwa pesa yangu, inapita, shida iko wapi? Mimi naona pande zote mbili zinapima kitu ambacho sicho, ila tuanze na hesabu maana ubishi huu bila hesabu hauishi.

Meza ya watu wengi ni plaiwudi moja ya nne kwa nane, yaani sentimita 122 kwa 244. Ukitaka treni izunguke bila kusimama lazima igeuke ndani ya zile futi nne, na ukiacha kidogo pembeni injini isije ikaruka mpaka sakafuni unabaki na kona ya inchi 22 kwa kubana sana, na kama unataka njia ya pili basi hio ya ndani inakuwa 18. Kwa skeli ya HO ambayo kila kitu kimepunguzwa mara 87, inchi 18 ni milimita 457, zidisha unapata kama mita 40. Reli kuu ya kweli kona zake zinahesabiwa kwa mamia ya mita. Lakini hebu mgeukie na huyu bwana wa inchi 30, yake ikizidishwa ni mita 66 tu, kwa hio na yeye anaigiza kama sisi, amezidiwa na ukweli kwa mbali vilevile. Hapo ndo nasema tusitishane.

Sisi wa Lamu tuna letu la ziada. Nyumba za mawe za mji wa kale vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana uliamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kulegea, mara nyingi upana haufiki mita tatu. Ukiweka meza ya futi nne ubavuni mwa ukuta umebakiwa na mahali pa mtu mmoja kupita na ndoo yake, na ujue hio plaiwudi yenyewe imevushwa kwa mashua kutoka Mokowe na kupitishwa vichochoroni ikikwaruza kuta za watu. Reli ya kweli hatuna, ile ya LAPSSET, mradi wa bandari na reli ya Lamu, bado iko kwenye ramani, kwa hio mtu wa Amu anayecheza treni anajua reli kwa kusafiri na kwa picha, na hio picha mara nyingi ni ya injini kubwa inayotoa moshi. Usimshangae akitaka kubwa.

Sasa kwa nini injini ya mvuke inasumbua kona kuliko dizeli? Dizeli inakaa juu ya bogi mbili, yaani vigari vidogo vya magurudumu, kila bogi inajigeuza yenyewe, basi. Ya mvuke yale magurudumu makubwa yanayovuta yamefungwa kwenye fremu moja, ekseli zote sambamba, na nje yameunganishwa kwa vyuma ili yazunguke pamoja, sehemu hio haipindi. Chukua 9F ya Uingereza, ile 2-10-0 (magurudumu mawili madogo mbele, kumi makubwa yanayovuta, nyuma hakuna) iliyosimamiwa na Robert Riddles, zilijengwa 251 kati ya 1954 na 1960. Ekseli tano zinazovuta, na kutoka ya kwanza hadi ya tano ni futi 21 na inchi 8. Ukiipunguza kwa skeli ya OO, ya mara 76, ni kama milimita 87 za chuma kilichonyooka. Iweke kwenye kona ya Hornby, kampuni ya modeli ya Uingereza, inayoitwa R2, milimita 438, halafu piga hesabu ya upinde, utakuta wakati magurudumu ya mwisho mbele na nyuma yamekaa juu ya reli lile la katikati limekwenda pembeni kama milimita 2. Milimita 2 ni kitu gani? Gurudumu lenyewe upana wake ni kama milimita 3, jibu hilo.

Viwanda vinajua hesabu hii kuliko sisi. Wanachofanya ni kuziachia ekseli nafasi ya kucheza kushoto na kulia, na lile gurudumu la katikati wanalinyima ukingo, ule mdomo wa ndani unaoshika reli, ili lielee tu juu ya reli. Wako wanaoliona gurudumu lisilo na ukingo wanasema ah huu ni mchezo wa watoto, lakini 9F ya kweli, ya tani na tani, nayo magurudumu yake ya katikati hayakuwa na ukingo, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hio hapo kiwanda hakina kosa. Kosa linaanza kwengine. Bogi ya mbele inahitaji nafasi ya kugeuka sana, basi silinda zinasogezwa nje na vingazi vidogo vya mbele vinakatwa au unapewa kwenye kipakiti ubandike mwenyewe ukitaka. Behewa la makaa linavutwa nyuma mbali na kibanda cha dereva mpaka kunakuwa na pengo ambalo dereva wa kweli angetumbukia na koleo lake. Baadhi ya kampuni wanaweka chuma cha kuunganisha chenye matundu mawili, la karibu kwa wenye kona pana na la mbali kwa sisi wengine, na huo naona ni uungwana.

Halafu kuna mambo ya macho. Big Boy ya Union Pacific, kampuni ya reli ya Marekani, 4-8-8-4, zilijengwa 25 na kiwanda cha ALCO kati ya 1941 na 1944, ile ya kweli seti ya nyuma ya magurudumu imefungwa na boila, ya mbele peke yake ndo inayogeuka. Kwenye modeli nyingi seti zote mbili zinageuka, vinginevyo isingeingia kona za nyumbani hata kwa dua. Inaingia, sawa, lakini boila inabaki imenyooka juu huku magurudumu yameshakwenda zao, pua inatokeza nje ya reli. Ni kama hamali aliyebeba boriti kwenye vichochoro vya Langoni, mabega yameshakata kona na ncha bado inagonga ukuta wa mtu. Na hio pua si ubaya wa sura tu, inagonga treni ya njia ya pili, inagonga mlango wa handaki, inaangusha nguzo ya taa uliyoipaka rangi kwa kijiti cha meno.

Mpaka hapa wale wa inchi 30 wanaonekana wameshinda. Lakini wanachosahau ni kwamba reli za kweli nazo zilikutana na kona kali, na hazikufunga kazi, zilibadilisha injini. Mfano tunao hapahapa Afrika Mashariki. Injini za daraja la 59 za East African Railways, Garratt za 4-8-2+2-8-4, zilijengwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima, na Mount Gelai mpaka leo imekaa makumbusho ya reli Nairobi, ukipita kaitazame. Tani kama 250, kwenye njia yenye upana wa mita moja tu! Ziliwezekana kwa sababu mtindo wa Garratt ni injini mbili mbali mbali, moja mbele moja nyuma, kila moja inageuka kivyake, na boila imening'inizwa katikati. Kwenye kona ile boila inaingia kidogo ndani ya pinde badala ya kutoa pua nje, kwa hio hata sura yake haikeri. Ukiipunguza mara 87 unapata dude la sentimita 36, juu ya njia ya milimita 12, na bado linapinda vizuri kuliko 9F ambayo ni fupi kuliko yeye.

Kwa hio cha kupima ni urefu wa ile sehemu isiyopinda, ukubwa wa injini nzima hauna maana sana. Mtu mwenye Garratt kwenye plaiwudi moja ana haki zaidi kuliko mwenye 2-10-0, na kanuni ya "kubwa usinunue" inawaweka wote kapu moja.

Na ukitaka kona kali ziwe za haki kabisa zipo reli zilizozaliwa nazo. Reli ya Darjeeling kule India, njia ya milimita 610 tangu 1881, kona yake kali kuliko zote ina nusu kipenyo kama mita 18. Gawa kwa 87, sentimita 21! Yaani ukiitengeneza kwenye meza yako ya inchi 18 kona zako zitakuwa pana mara mbili kuliko za kweli, utaanza wewe sasa kulaumiwa kwa upana. Au zile Shay za Marekani za kubebea magogo, silinda zimesimama wima ubavu mmoja na nguvu inakwenda kwa shafti yenye viungo mpaka kwenye bogi, zinapita popote, taratibu, na kelele zake nzuri. Najua jibu: si kila mtu anataka magogo na milima ya chai, mtu amependa treni ya abiria ndefu yenye injini ndefu, na huwezi kumwambia mtu apende kingine. Nakubali. Ila basi ajue analipa nini.

Analipa kwenye msuguano kwanza. Gurudumu la kushoto na la kulia yako kwenye ekseli moja, lazima yazunguke sawasawa, na reli ya nje ya kona ni ndefu kuliko ya ndani. Kwenye nusu duara tofauti ni milimita 52 kwa njia ya milimita 16.5, iwe kona kali au pana, hesabu haibadiliki. Kinachobadilika ni kwamba kwenye inchi 18 hizo 52 unazimaliza ndani ya mita moja na nusu hivi, kwenye inchi 30 una mita mbili na ushee. Mahali pamoja magurudumu yanateleza polepole, mahali pengine yanakwaruza. Injini inayovuta mabehewa kumi kwenye mnyoofu inaanza kuhema kwenye kona, na treni ikiwa ndefu mabehewa mepesi ya mbele yanavutwa ndani ya pinde mpaka yanalala.

Kwaruzo inaleta uchafu, na uchafu na hewa yetu ya chumvi ni maadui wawili wameoana. Reli za nikeli-silva zinastahimili kuliko za chuma, za chuma hapa pwani usijaribu, lakini hata hizo nzuri zinataka kufutwa kwa spiriti mara kwa mara. Halafu kuna shoti: bogi ya mbele ya chuma ikigeuka sana inagusa silinda au fremu, moto unakatika, na kama unatumia mfumo wa kidijitali meza nzima inazima kwa pamoja, unaanza kulaani stima kumbe ni kibogi. Ikizima kila mara mahali pamoja pa kona, tazama hapo kwanza.

Sasa chumba chetu kirefu chembamba kwa kweli kina dawa yake ambayo wenye vyumba vya mraba hawana. Rafu ya sentimita 30 ukutani, kutoka mwisho mmoja hadi mwengine, stesheni huku na bandari kule, hakuna mzunguko kabisa. Hapo 9F inatembea kwa madaha na hakuna kona ya kubishania. Wapenzi wa ukweli wanaisifu sana njia hii na wana haki, isipokuwa treni inafika mwisho inasimama, inarudi, inasimama, na watoto wa nyumba wanakwenda zao baraza nje. Watu wengi wanataka kuona treni ikizunguka huku wanakunywa kahawa, na mimi sioni aibu kwa hilo.

Ndo maana naegemea upande wa wanaoruhusu, na sharti langu ni kona kali ifichwe. Nyosha upande unaoonekana au upe pinde pana kidogo, zile nusu duara za miisho ziweke chini ya kilima au nyuma ya safu ya nyumba, na uache tundu la kuingiza mkono maana treni itaanguka hukohuko gizani. Usitoke mnyoofu ukaingia kona ghafla, anza na pinde legevu kidogo ndo uibane. Kona ya kushoto isifuatane na ya kulia bila kipande kilichonyooka katikati, angalau urefu wa behewa lako refu kuliko yote. Na kama unaweza kusimama ndani ya pinde badala ya nje, simama ndani, jicho linaona kona pana zaidi na mapengo kati ya mabehewa yanaziba.

Kitu ambacho pande zote wanakipita wakigombana juu ya injini ni mabehewa. Kanuni ya wajenzi ni nusu kipenyo mara tatu ya urefu wa behewa refu, ndo treni ionekane kama treni. Behewa la abiria la kisasa la Ulaya ni mita 26.4, kwa HO sentimita 30, linataka kona ya sentimita 90 ambayo hata bwana wa inchi 30 hana! Viwanda vya Ulaya vimewahi kuyafupisha kwa makusudi, urefu mara 100 na mengine yote mara 87, ili yaingie majumbani. Mwenye inchi 22 akigawa kwa tatu anapata sentimita 18 na nusu, na behewa la mizigo la futi 40 ni sentimita 14 tu, linaingia na nafasi inabaki. Weka mafupi kama hayo nyuma ya Garratt, yale marefu ya abiria mwachie mwenye ukumbi.