Laptopu Ilikwenda Yenyewe

Jamani, kabla hamjaendelea kunitumia vikatuni, nisikilizeni na mimi. Huyu mpika majungu wa Mombasa ninayekaa naye chumba kimoja keshawaambia kwenye grupu kwamba nimempiga mwalimu kwa laptopu. Sikumpiga. Laptopu ilikwenda yenyewe.

Darasa lenyewe mnalijua. Mimi huku nasoma uhasibu, ila tangu ipite ile sheria ya 2020, vyuo vikuu vya mtandao wa California State University havikupi shahada mpaka usome walau somo moja la habari za Weusi, Wenyeji wa asili, Walatino au Waasia wa Marekani. Nikajua hapa ni kusinzia tu. Kumbe linaanza na vurugu! Novemba 1968, wanafunzi wa chuo cha San Francisco State, huku huku California, waligoma wakidai wafundishwe habari zao wenyewe. Virungu vya polisi vikatembea, na mgomo haukwisha mpaka Machi 1969, masomo hayo yalipopewa kitivo chake.

Kikundi chetu tukapangiwa kuigiza tarehe 2 Desemba: kaimu rais wa chuo, S. I. Hayakawa, anapanda gari la vipaza sauti la wagomaji na kofia yake ya sufu ya Kiskoti, anang'oa nyaya. Hayakawa nikawa mimi. Kofia nikaazima kwa huyo huyo wa Mombasa. Kichwa chake mnakijua. (Usinijibu sasa, bwana, ngoja nimalize.)

Gari letu lilikuwa meza ndefu. Upande huu spika ya boksi na waya wa redio mbovu. Upande ule laptopu ya mwalimu, kikombe chake cha kahawa, na mwalimu mwenyewe kaketi, anatabasamu.

Nikapanda. Wenzangu chini wanapiga kelele, "Mgomo! Funga chuo!" Nikainama. Kofia ikateremka. Ikapita nyusi, ikapita macho, ikatua puani. Giza. Ningeisukuma juu, lakini mkono mmoja umeshika karatasi ya maneno yangu na wa pili tayari unapapasa. Ukagusa waya. Moyoni nikasema, mbona huu mnene? Lakini ukaimu rais ulishanipanda kichwani, nikavuta kama mvuvi aliyenasa papa.

Kitu kikaja. Nakisikia kinateleza mezani, krrrr, hakina haraka. Kikagusa kikombe: ting! Kisha kimya, kile kimya cha kitu ambacho bado kiko hewani. Kisha pwaa! Kisha kahawa, to, to, to, na mtu anavuta pumzi kwa meno.

Darasa zima likapiga makofi. Walidhani ndiyo igizo! Mmoja akapiga mluzi. Nami, humo humo gizani, nikainama kuwashukuru. Kofia ikadondoka. Ndipo nikamwona mwalimu: suruali nyeupe, kahawa kutoka pajani mpaka gotini, na miguuni pake laptopu yenye alama zetu zote, imelala kifudifudi.

Mengine mafupi. Kioo kina ufa ila inawaka. Kikundi kimepata alama nzuri, wenzangu wanatamba nazo. Suruali nikaomba niipeleke kwa dobi, mwalimu akakataa. Akasema nisijali, maana Hayakawa aling'oa nyaya zake, na mwaka 1976 watu wa California wakamchagua kuwa seneta.

Nikampigia shangazi Tanga, nikamweleza yote, mpaka hilo la mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: huo useneta unalipwa kwa mwezi?