Sarafu ya Kilwa haisuguliwi kwa ndimu

Wakusanyaji wa sarafu za kale jijini Nairobi wamegawanyika kuhusu ukoko wa kijani unaofunika shaba. Wengine husema uondolewe, maana sarafu isiyosomeka haimfai mwenyewe wala historia. Wengine husema uachwe. Hawa wa pili hudhaniwa ni waoga wa kazi au wapenda uchafu, na hoja yao hasa haijaelezwa vya kutosha.

Shaba ikikaa ardhini miaka 600, ngozi yake ya juu hugeuka kutu, ndiyo ukoko huo, na herufi zilikuwa kwenye ngozi hiyohiyo. Mara nyingi maandishi hayapo tena kwenye shaba iliyo chini. Yamebaki ndani ya kutu. Anayesugua mpaka akaona wekundu wa shaba amefuta alichokuwa akikitafuta.

Kwa sarafu za Kilwa, mji wa masultani katika pwani ya Tanzania ya leo, hasara hii ni kubwa kuliko kwa zile za Kirumi. Ya Kirumi ikipoteza maandishi, sura ya mfalme inaweza kumtambulisha. Ya Kilwa haina sura ya mtu, wala kwa kawaida haina mwaka. Ni Kiarabu tu, kwenye kipande cha gramu 2 hivi. Majina ya masultani nayo hujirudia: Ali bin al-Hasan, al-Hasan bin Sulaiman. Likibaki "al-Hasan" peke yake, utajuaje kama huyo ni sultani au ni baba yake sultani? Si swali dogo. Hazina ya Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, iliyopatikana 1984 ikiwa na sarafu zaidi ya 2,000, iliwafanya watafiti wamrudishe Ali bin al-Hasan hadi karne ya 11. Al-Hasan bin Sulaiman ni wa karne ya 14. Neno moja likifutwa, karne 3 zimepotea. Na hata herufi chache zilizochakaa zina kazi, kwa sababu pande mbili za sarafu hizi huwa na vina vinavyolingana: mwisho wa dua upande mmoja hudokeza jina linalomalizia upande wa pili. Msomaji aliyezoea mashairi ataona thamani ya silabi hiyo.

Ndimu na chumvi ndiyo mchanganyiko mbaya kuliko yote. Asidi huyeyusha kutu pamoja na maandishi, chumvi huacha kloraidi, chembe zinazoila shaba, ndani ya vitundu vyake. Sarafu hung'aa na huuzika haraka, kisha vidoa vipya vya kijani huanza kutokea.

Hata hivyo, wanaotaka kusafisha wana hoja moja nzito: kuacha nako kunaweza kuua. Sarafu iliyotoka udongo wa pwani huwa imenyonya chumvi. Ukiona unga wa kijani kibichi hafifu unaodondoka ukiguswa na kijiti, ule ni ulaji unaoendelea, na unyevu wa hewa ukizidi asilimia 42 hivi unaweza kuuchochea. Asubuhi za Julai Nairobi hupita hapo kwa urahisi. Sarafu hiyo itenganishwe na nyingine, iwekwe kwenye kopo linalofunga barabara pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, vilivyokauka, na ipelekwe kwa mhifadhi wa vitu vya kale.

Kwa isiyo na unga huo, ukoko mgumu uachwe. Ipime kwanza kwa mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, ipige picha kwa taa iliyolazwa karibu na usawa wa meza, ukiizungusha taa pande nne. Kivuli husomesha herufi ambazo jicho halikuziona, na mara nyingi kazi huishia hapo. Udongo ukizidi kuziba, iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, ukibadilisha kila siku. Yale ya betri yanafaa, ila soma lebo, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Maji ya bomba yana klorini. Udongo uliolainika uondolewe kwa kijiti cha mbao chini ya kioo cha kukuza, kamwe si kwa brashi ya waya, kisha sarafu ikaushwe kabisa kabla ya kuhifadhiwa. Usiitie kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC. Plastiki hiyo ikizeeka hutoa asidi na utando wa kijani unaonata.

Iliyookotwa ardhini Kenya na kutengenezwa kabla ya 1895 ni mali ya serikali kisheria. Hiyo iende Makumbusho ya Taifa na udongo wake, pamoja na maelezo ya mahali ilipookotwa.