Rumbalara haikuanzia 1997

Mwandishi, umeandika kwamba Rumbalara, klabu ya futiboli ya Australia na netiboli ya Waaborijini (wenyeji asilia wa Australia) wa Shepparton jimboni Victoria, ilizaliwa 1997. Huo ni mwaka ilipoingia ligi ya Central Goulburn. Mizizi yake iko Cummeragunja, makazi ya Waaborijini yaliyosimamiwa na serikali, ng'ambo ya mto Murray upande wa New South Wales, ambako Wayorta Yorta, Waaborijini wa eneo hilo, walikuwa na timu tishio tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Doug Nicholls, mchezaji wa futiboli aliyekuja kuwa gavana wa South Australia 1976 hadi 1977, ni mzaliwa wa hapo. Februari 1939 watu zaidi ya 150 walichoshwa na mgao duni wa chakula na ukali wa msimamizi, wakafungasha na kuvuka mto. Wengi waliishia kwenye bonde la mto kati ya Mooroopna na Shepparton, wakijisitiri kwa vibanda vya mabati na magunia. Nyumba 10 za zege za makazi yaliyoitwa Rumbalara, jina hilohilo la klabu, zilikuja 1958!

Na wanaouliza hapa mbona klabu za mashambani hazisajili nyota tu: tangu 2016 Victoria inatumia mfumo wa pointi. Kila mchezaji huhesabiwa 1 hadi 6, aliyelelewa klabuni ni 1, na jumla ya kikosi ina ukomo. Asiyelea vijana hukwama hapo. Uwanjani wanaingia 18. Ongeza benchi na timu ya akiba, unahitaji watu zaidi ya 40 kila Jumamosi. Netiboli nayo msiidharau, ndiyo inayoleta familia nzima uwanjani.